Watu wa nyuzi kwenda Pemba

Jumatano usiku, bandari ya Malindi, Unguja

Kijana wa mizigo aliizunguka besi, akaigonga kwa kucha juu ya turubai lake, akatoa hukumu: "Hili kabati."

"Si kabati, ni ala ya muziki," alisema mwenye nayo.

"Ala gani ina urefu wa mtu? Kabati hili. Lipia kama kabati."

Tukalipia kama kabati. Fidla naipakata mapajani na hakuna anayeniuliza kitu. Sello, nduguye mkubwa wa fidla, hubebwa mgongoni, watu wakapisha njia kwa heshima wakidhani ni mgonjwa au silaha. Besi ndiyo inayomaliza nauli za kikundi kila tunapovuka maji.

Tunaosafiri usiku huu ni wanne, watu wa nyuzi za upinde tu: fidla mbili, sello na besi. Wenzetu wa kanuni, udi, akodiani na ngoma, pamoja na waimbaji, watakuja Ijumaa kwa boti ya mbio. Sisi tumetangulia kwa sababu kwenye boti ile besi haina pa kukaa, na kwa sababu mwenye harusi kule Wete amekwishakodi kijana wa kinanda wa huko huko. Maalim anataka tumsikie kabla ya siku yenyewe. Maalim hapendi vinanda. Tangu taarab ya kisasa ilipoingia kwa kishindo miaka ya 1990, kinanda kimoja kimekuwa kikifanya kazi ya watu kumi, na wapiga fidla wengi wa rika lake wakaishia kufundisha watoto au kuuza duka.

Sisi tunaitana kwa ala. Besi ni kijana, mdogo kuliko ala yake kwa umri na kwa kimo. Sello ni zao la Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofunguliwa mjini Unguja mwaka 2002, na anasoma noti haraka kuliko ninavyosoma gazeti. Mimi ni fidla ya pili, kwa hiyo naitwa Pili, na wageni hudhani hilo ndilo jina nililopewa na wazazi. Maalim ni Maalim.

Tukatandika mkeka kwenye sitaha ya juu. Sello akaanza hadithi za chuoni, za yule mtunzi Mwaustria Haydn, aliyefariki 1809 na kuacha kwartet 68, zote za watu wanne: fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na sello.

"Na besi wanaiweka wapi?" Maalim aliuliza.

"Hamna besi, Maalim."

Besi, aliyekuwa amejilaza, akainuka kitako. "Hamna?"

"Na anayeimba?"

"Hamna anayeimba. Wanne hao hao, mwanzo mpaka mwisho."

Maalim alifikiri kidogo. "Basi maskini hawana pa kujificha."

Nimelichukua neno hilo. Katika kwartet ya Ulaya kila mmoja ana njia yake, na akikosea anasikika yeye. Kwetu fidla zote na sello hutembea na nyimbo moja, kila mtu akiipamba kwa mkono wake, na besi peke yake ndiyo inayopita chini ikidonolewa kwa vidole. Mtu wa nje akisikia atasema wote tunapiga kitu kimoja, kazi rahisi. Lakini watu wanapopita njia moja, tofauti ndogo kabisa ya sauti inasikika kama kidonda. Shingo ya fidla haina vipingo vya kukuonyesha kidole kiwekwe wapi. Kuna sikio lako na sikio la jirani yako.

Maalim akalala. Besi akashuka kuutazama mzigo wake, akarudi na furaha: mzee mmoja mwenye magunia ya vitunguu amemshauri alegeze nyuzi zote nne, maana unyevu wa bahari hukaza mbao. Ameshazilegeza.

Sello alinitazama. Tukaliacha hilo mpaka asubuhi.

Alhamisi, Mkoani hadi Chake Chake

Tuliteremka Mkoani na jua. Tulikodi keri, gari dogo la mizigo, besi ikalazwa juu ya godoro, Besi akakaa pembeni yake akiishika shingo njia nzima. Barabara ya kwenda Chake inapanda na kushuka vilima, na msimu wa karafuu umeanza. Kila palipo na uwazi pana mkeka: zile mbichi zingali na kijani na wekundu, za jana zimeanza kuwa kahawia. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ndiyo maana mpaka leo karafuu ni habari ya Pemba. Kwetu wanamuziki maana yake ni nyepesi: pesa ya karafuu ikishaingia, harusi hufuatana.

Kituo chetu Chake ni nyumbani kwa shemeji yake Maalim. Tulipoishusha besi na kuiinua, ndani yake kikabingirika kitu. Koroko, koroko, kisha kimya.

Maalim hakuuliza. Alifungua turubai, akaona nyuzi zimelegea zote, daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, limeegemea upande, akasema, "Nani kakufundisha haya?"

"Mzee wa vitunguu."

"Basi mwite aje airekebishe."

Kwa wasioijua ala hii: ndani ya besi, kama ilivyo ndani ya fidla na sello, pamesimama kijiti cha mviringo, cha mti laini, karibu na mguu mmoja wa daraja, ule wa upande wa uzi mwembamba. Hakikubandikwa kwa gundi. Kinasimama kwa kubanwa tu kati ya kifua na mgongo wa ala, na kinachobana ni nyuzi zinazolisukuma daraja chini. Legeza nyuzi zote kwa pamoja, piga mashimo mawili ya barabara, kijiti kinaanguka. Ukizikaza nyuzi kikiwa chini, kifua kinaweza kupasuka, na hapo hutafuti fundi tena, unatafuta besi nyingine. Ndiyo maana nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja.

Tukaweka besi chali sebuleni. Daraja likatolewa. Sello aliingiza simu yenye taa kwenye tundu moja, Maalim akachungulia kwenye la pili. Pale kilipokuwa kimesimama kijiti palikuwa na alama: duara safi katikati ya vumbi la miaka, juu na chini. "Hapo ndipo nyumbani kwake," alisema. Tukatikisa ala mpaka kijiti kikasogea kwenye tundu, Besi akakivuta kwa vidole viwili. Kinene kama kidole gumba changu, mwisho umekatwa kwa mshazari kidogo kufuata mteremko wa kifua.

Zana ya kazi hii inauzwa, chuma chenye umbo la nyoka. Sisi tulikuwa na hanga ya nguo. Maalim aliinyoosha, akaipinda tena ncha yake, akafunga uzi wa kushonea kiatu juu ya kijiti na mwingine chini. Akakipitisha tundu la kulia. Mara ya kwanza kilisimama, kikateleza. Kisha kilisimama kimegeuka, mshazari ukiangalia upande usio wake, na mwanga ukapita kati ya ncha na ubao, akakiangusha mwenyewe. Shemeji akaleta chai, ikapoa. Ilipofika adhuhuri kijiti kikaingia kwenye duara lake la vumbi. Maalim akakigonga kwa ncha ya hanga, kidogo mno, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa, mpaka mwanga ukatoweka. Uzi ukakatwa, daraja likarudishwa, nyuzi zikakazwa kwa zamu, kila mmoja kwa jina la sauti yake: mi kidogo, la kidogo, re, sol, tena kutoka mwanzo, huku Sello ameshika daraja lisiiname.

Besi akauvuta uzi wa la kwa kidole. Sauti ilitoka pana kuliko ya Unguja. Maalim alidai kwamba ni kwa sababu ya hewa ya Chake. Mimi nadhani kijiti kilikuwa kimekaa vibaya kwa miaka na sote tulizoea, lakini sikusema, kwa kuwa aliyekiweka mwanzo naye ni Maalim.

Jioni mama yake shemeji, bibi wa miaka mingi, alituomba tumpigie "chochote cha Siti". Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na nyumba zenye gramafoni ziliziweka kama dhahabu. Bibi alisema kwao ilikuwepo moja, imekwaruzika, lakini fidla ilikuwa ikisikika. Alitikisa kichwa wakati tunapiga. Mwisho akasema: "Mnapiga vizuri. Yule wa kwenye santuri alikuwa na haraka zaidi." Maalim alikubali. Santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande. Mtu hakuwa na nafasi ya kuchelewa.

Ijumaa, Wete

Baada ya swala ya Ijumaa tukaelekea Wete. Wenzetu walikuwa wamefika, wamechoka, mpiga kanuni ana kichefuchefu cha bahari.

Kijana wa kinanda alitusubiri kwenye ukumbi. Nilitarajia mtu wa majivuno. Alikuwa mpole, amevaa kofia yake ya viua, akamwamkia Maalim shikamoo na kumletea kiti. Maalim akaitikia marahaba, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ugomvi.

"Kinanda chako kina Bayati?"

"Kina, Maalim."

"Nipigie."

Wasioijua taarab wafahamu jambo hili. Piano ya kawaida ina nusu toni na basi. Maqam, yaani ngazi za sauti, kama Bayati na Rast zina sauti zilizo katikati, ambazo kwa urahisi huitwa robo toni. Ukianzia re katika Bayati, mi inayofuata si mi ya piano wala si mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, iko kati. Vinanda vya siku hizi vinaruhusu kuishusha sauti moja moja kwa senti, na senti mia ndiyo nusu toni moja. Kijana aliishusha mi kwa senti 50, katikati kabisa, kama kiwanda kilivyoandika. Akapiga.

"Iko juu," alisema Maalim.

"Ni robo kamili, Maalim."

"Ya Rast hiyo, na hata kwa Rast imezama kidogo. Ya Bayati iko chini zaidi."

Hapo ndipo nilipoona kijana huyu ni mwanamuziki. Hakubishana. Akasema, "Nipigie nikufuate." Maalim akaishika fidla. Yeye hutia nyuzi zake kwa mtindo wa Misri, sol-re-sol-re, zile mbili nyembamba zimeshushwa, ili sauti za maqam ziangukie vidoleni vizuri. Akaivuta mi ya Bayati, upinde mzima, taratibu. Kijana akashusha: hamsini na tano. Sitini. "Umepita," Maalim alisema. Hamsini na nane. Maalim akavuta tena, akafumba macho. "Weka hapo."

Rast ikaishia kwenye arobaini na tano. Kijana akahifadhi kila moja kwa kitufe chake. Akataka kujua kuhusu maqam ya Saba, Maalim akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Unguja: "Saba tutaizungumza ukioa."

Kisha akatugeukia sisi, nami nilijua linakuja. "Haya, Pili na Sello. Mi ya Bayati, pamoja."

Tukapiga. Tulikuwa mbali. Sello amekaa na kwartet za Ulaya chuoni, mi yake imepanda bila yeye kujua. Yangu imeshuka kwa sababu mimi humfuata Maalim hata anapoteleza. Sauti mbili zilizokaribiana bila kulingana hutoa mawimbi, wo-wo-wo, na kasi ya mawimbi ndiyo tofauti yenyewe: la ya mitetemo 440 ikikutana na ya 443, utahesabu mawimbi matatu kwa sekunde. Kadiri mnavyokaribiana yanapungua. Maalim alituweka hapo, upinde juu, upinde chini, mpaka mawimbi yakawa marefu, yakapotea. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Kijana wa kinanda ameinamisha sikio, na nadhani ndiye aliyesikia kabla yetu, kwa sababu alitabasamu sekunde moja mapema.

Mpiga kanuni, aliyekuwa amelala kwenye benchi, akafumbua jicho moja. "Mmemaliza? Maana nyuzi zangu ni zaidi ya sabini, tatu tatu kila sauti, na zote zimechafuka na unyevu. Nitakesha." Na kweli alikesha.

Jumamosi, harusi

Mchana hatukufanya lolote ila kulinda ala na jua. Rozini, ule ulimbo mkavu tunaousugua kwenye singa za upinde, ilikuwa imelainika kwa joto hadi inanata vidoleni. Vigingi vya fidla yangu vimevimba, haviendi, nikavipaka sabuni kavu.

Tulianza baada ya Isha. Kwanza bashraf, kipande cha ala bila kuimba, urithi wa Waturuki uliotufikia kwa njia ya Misri. Wanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na kwamba ndipo jambo hili lilipoanzia kwetu. Bashraf ndiyo kipande chetu watu wa nyuzi, na ndicho ambacho hakuna anayekisikiliza. Watu wanatafuta viti, wanaamkiana, wanapokezana watoto. Sijawahi kulikasirikia hilo. Ni muda mzuri wa kujua ukumbi unarudisha sauti vipi. Huu wa Wete ulimeza besi na kutupa fidla usoni, basi Maalim akatuashiria kwa nyusi tupunguze.

Kisha akasimama mwimbaji, ukumbi ukaamka.

Kutoka kilipo kiti cha fidla ya pili, taarab ni migongo. Namwona mwimbaji kwa nyuma na wanawake wanaokuja kumtunza wakicheza polepole, noti za pesa juu, macho mbele. Wapo wanaotunza kwa sababu mshororo umewagusa, wapo wanaotunza ili fulani aone kwamba umewagusa. Mwimbaji hujua. Akiona mtu anakuja kutoka mwisho wa ukumbi, hauachi ule mshororo. Anaurudia, anaukunja, anaurefusha mpaka mtu afike. Nasi tunaomjibu lazima tujue kama amemaliza au bado. Hakuna anayetuambia. Mimi hutazama kiwiko cha kulia cha Maalim: kikipanda, jibu linakuja; kikibaki, subiri. Sello hutazama kiwiko changu. Besi anasema yeye hatazami mtu, anasikiliza pumzi ya mwimbaji, na inawezekana ni kweli kwa sababu hajawahi kuingia mapema. Usiku huu mama mmoja alikuja kwa mwendo wa kobe, akasimama njiani kumsalimia mwenzake, na mshororo mmoja ukarudiwa mpaka mpiga dumbaki akaanza kucheka. Kiwiko cha Maalim hakikupanda. Kilipopanda, tuliingia wanne kwa upinde mmoja.

Baada ya saa sita usiku zamu ikawa ya kinanda. Rusha roho, vijana wote wamesimama, viti vimesukumwa ukutani. Sisi tukakaa nje na kahawa chungu na kashata. Maalim alikuwa akisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kidole kinapiga goti. "Mkono wake wa kushoto mzito," alisema, na kutoka kwake hayo si matusi.

Wakatuita kufunga pamoja, wimbo wa Rast. Kijana akaanza utangulizi, na nywele zikanisimama: amesahau kubadilisha kitufe. Ile ilikuwa mi ya Bayati, hamsini na nane, ndani ya Rast. Kwa ukumbi mzima haikuwa kitu. Kwetu ilikuwa meno juu ya bati. Maalim alikuwa tayari ameweka upinde kwenye uzi. Nilimngoja apige mi yake ya kweli, juu, kinanda kiaibike chenyewe mbele za watu. Alikuwa na haki hiyo, na nilidhani alikuwa na hamu nayo tangu Unguja.

Aliishusha. Kidole kilirudi nyuma unywele mmoja, akampata kijana pale pale alipokuwa. Nikamfuata, Sello akanifuata. Tulipiga utangulizi wote na ubeti wa kwanza kwenye Rast iliyozama, wanne na kinanda bila wimbi hata moja. Kwenye kiitikio kijana aligundua. Nilimwona akitoa macho, mkono ukaenda kwenye kitufe. Mi ikapanda. Maalim akapanda nayo, nasi nyuma yake, na mwimbaji akageuka kidogo kututazama kama mtu aliyesikia mlango umefunguliwa asijue ni upi.

Jumapili, Wete na Chake

Hesabu asubuhi. Pesa za tunza huingia kapu la kikundi, zinatolewa nauli, kinachobaki kinagawanywa sawa, mwimbaji na mpiga tari. Waimbaji hunung'unika kila mara, na kila mara tunagawa sawa.

Kaka wa mwenye harusi alikuja na kahawa. Ana binti anayeolewa mwisho wa msimu huu huu. Alizunguka sana: mambo yalikuwa mazuri, wageni wamesifu, lakini kikundi ni kikubwa, kulaza watu wote hawa, kulisha, na lile kabati. Je, haiwezekani waje wachache? Kijana wa kinanda yupo hapa hapa, anaweza kushika sehemu kubwa.

Nilimtazama Maalim. Alikunja mkeka wa fidla yake, akaufunga mkanda.

"Akodiani nitaiacha," alisema. "Udi na kanuni nitawauliza wenyewe. Hawa wangu watatu nakuja nao, na kijana wako awepo. Mwambie wiki ya kabla aje Unguja, nina mambo ya kumwonyesha. Nauli yake juu yako."

"Juu yangu?"

"Juu yako, ami. Kwa desturi ungeshalipa mara mbili."

Wakashikana mikono. Besi atabaki Chake na ala yake kungojea meli ya usiku, akiwa na amri ya kutogusa kigingi chochote na kutozungumza na wauza vitunguu. Sisi watatu tunarudi na wenzetu kwa boti ya mchana; Sello ana mtihani Jumatatu, nami nina nyuzi za kununua.